Magitaa mawili ya nailoni: moja linang'ara, jingine linaimba. Nichukue lipi?

Mkunazini_6:

Assalaam alaykum jamani. Nipo Unguja, natafuta gitaa la nyuzi za nailoni la kukaa nalo, si la kujifunzia. Yametokeza mawili, yote ya kazi ya mkono na yote adimu kwa huku kwetu.

La kwanza lipo Mombasa. Ni la Japani, lebo ya ndani imeandikwa 1974. Uso sprusi (mbao nyeupe ya jamii ya msonobari), mgongo na mbavu jacaranda ya Brazil (si ule mti wa maua ya zambarau) yenye michirizi myeusi kama wino uliomwagika kwenye asali. Nakshi ya tundu ni vipande vidogo vidogo vya mbao, si karatasi ya kubandika. Linang'ara kama limetoka kwa fundi jana. Urefu wa uzi 650 mm. Sauti safi, imelingana, lakini kama imefunikwa shuka.

La pili lipo Wete, Pemba. La Uhispania, 1971, uso mwerezi, urefu wa uzi 664 mm. Polishi imekufa pale mkono wa kulia unapolalia, chini ya tundu pamekwaruzwa, na upande wa besi kuna ufa uliozibwa, kama sm 12. Kwa sura halivutii hata kidogo. Ukiligusa lakini, besi zake unazisikia kifuani na uzi wa kwanza hauna ukali. Nyuzi zake naona ziko juu.

La Mombasa ni ghali zaidi kwa thuluthi nzima. Kazi yake ni kupiga nyumbani, na mara mbili tatu kwa mwezi kukaa na kikundi cha taarab: fidla mbili, kanuni, akodian, dumbak.

Nataka kujua: uzuri wa gitaa una uzito gani mbele ya sauti? Na nayapimaje haya mawili bila macho kunidanganya?

---

RandaNaMsasa:

Wa alaykum salaam, Maalim. Mie naanza na lile linalong'ara, maana ndilo lenye maswali mengi.

Gitaa la miaka hamsini lisilo na alama, ama halikupigwa, ama limepakwa upya. Magitaa mengi ya Japani ya miaka ile yalipigwa vanishi ngumu tokea kwa fundi wake, kwa hivyo kung'aa peke yake si kosa. Kosa ni vanishi ya pili juu ya ile ya kwanza. Uso wa gitaa la nailoni una unene wa milimita mbili hadi mbili na nusu tu, na ndio unaotoa sauti. Ukiuongezea koti nene la vanishi unauongezea uzito na unauzuia kutikisika. Hilo "shuka" unalolisikia linaweza kuwa ndilo hilo.

Angalia hivi. Mahali daraja (kile kipande cha mbao usoni kinachofungiwa nyuzi) linapokutana na uso: vanishi ikiwa imepanda kwenye ubavu wa daraja au imeganda pembeni kama mchirizi wa gundi, limepakwa daraja likiwa pale pale. Kwenye nakshi ya tundu: mistari myembamba ikififia upande mmoja, msasa umepita hapo. Kisha chukua ile taa ya zambarau ya kuangalia noti bandia, zima taa za chumba, pitisha polepole. Penye marekebisho ya karibuni huonekana mabaka yenye mwanga tofauti na sehemu nyingine. Lakiri ya zamani (polishi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti) hutoa rangi ya machungwa, ukiiona mara moja hutoisahau.

Kama mwenyewe anakubali, na kwa ruhusa yake tu, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, gusa pahali palipojificha chini ya kisigino cha shingo, nukta ya nusu punje ya mchele. Ikinata ni lakiri. Isipobadilika ni vanishi ngumu. Usijaribu usoni, alama haitoki.

Sasa la Wete. Mikwaruzo chini ya tundu na polishi iliyokufa haviathiri sauti kwa chochote. Ni lakiri iliyoliwa na jasho, na fundi anayejua kupaka kwa kitambaa anaifufua kwa siku chache. Ufa ndio wa kuchunguza. Ingiza balbu ndogo ndani ya tundu, zima taa, tazama kutoka nje: mwanga ukipenya, ufa haujazibwa sawasawa. Halafu ingiza simu, piga picha ya upande wa ndani. Unataka kuona vibandiko vidogo vya mbao vimekaa kukingama na ufa, kila sm 3 au 4. Ufa wenye vibandiko vizuri utaishi kuliko mimi na wewe. Ufa uliojazwa gundi ya dukani kwa juu utafunguka tena.

Ukiwa humo ndani piga picha ya vijiti vilivyopangwa kama upepeo chini ya uso. Gonga uso kwa ncha ya kidole, sehemu kumi na mbili hivi, kuzunguka daraja na pembeni. Kila mahali pajibu "dum". Pakijibu kwa mtetemo kama nyuki kwenye kibiriti, kijiti kimeachia.

Vipimo vya kuchukua, na huhitaji chombo cha kununua. Kadi ya benki isiyo na herufi za kutokeza ina unene wa 0.76 mm. Karatasi ya kawaida ya printa ni kama 0.1 mm.

Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni), kadi nne zilizobanana zipite chini ya uzi wa kwanza kwa kugusa tu (kama 3 mm), na kadi tano chini ya uzi wa sita (3.8 mm). Hayo ndiyo makazi ya kawaida. Kisha bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ya 12 kwa pamoja, tazama nafasi kwenye freti ya 6: karatasi moja hadi tatu. Zikipita tano, shingo imepinda, na magitaa ya namna hii kwa kawaida hayana chuma cha kurekebishia ndani ya shingo. Mwisho pima mfupa wa daraja (kile kijiti kinachobeba nyuzi) umetokeza kiasi gani juu ya mbao yake. Ukitaka kushusha uzi 1 mm kwenye freti ya 12, lazima upunguze mfupa 2 mm. Nyuzi zikiwa juu na mfupa umeshabaki mdogo, hapo pa kushusha hapana. Na gitaa la Kihispania mbavu zake zimeingizwa ndani ya kisigino cha shingo, hulifungui kama la nyuzi za chuma.

Nyuma ya daraja jaribu kuingiza karatasi. Ikiingia 1 mm ni kawaida ya umri. Ikiingia nusu sentimita, daraja linang'oka.

---

Kanuni_na_Risha:

Fundi kamaliza mbao. Mie nazungumzia masikio.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwenye gitaa methali hiyo inageuka, maana hicho kipande cha mti cha ndani ndicho tunachokilipia. Antonio de Torres, yule fundi wa Almería, Uhispania, ambaye magitaa ya leo ya nailoni karibu yote yanafuata umbo lake, mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye uso wa sprusi lakini mgongo na mbavu za karatasi ngumu. Alitaka kuonesha kwamba sauti inatoka usoni. Hilo gitaa bado lipo kwenye makumbusho ya muziki ya Barcelona. Na mwaka 2018 watafiti wa Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio: magitaa sita ya nyuzi za chuma yaliyofanana isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, wapigaji 52, hawakuruhusiwa kuona wanapiga lipi. Mbao ghali haikushinda. Nyuzi za chuma si nailoni, nakubali, ila ile thuluthi ya bei unayoongezewa Mombasa kwa sehemu kubwa ni michirizi ya wino.

Kabla ya kuhukumu hiyo "shuka", badilisha nyuzi. Seti mbili za aina moja, mkazo wa kawaida, mfano D'Addario EJ45. Toa mmoja tia mmoja, usivue zote. Nailoni inanyooka siku mbili tatu kabla ya kutulia, kwa hivyo muombe muuzaji azitie mapema, wewe ulipie. Besi zilizokufa hufanya gitaa zuri lisikike kama sanduku la tende, na kwa chumvi ya hewa yetu hufa upesi: ule waya wa shaba uliopakwa fedha huwa mweusi kwa wiki chache.

Halafu tafadhali usipime ndani ya chumba cha Mji Mkongwe. Kuta za mawe na chokaa, dari juu huko, sakafu tupu: hapo hata mtungi unaimba. Nenda uani, au chumba chenye magodoro na mapazia. Mtu mwingine apige, wewe kaa mita nne au tano, mgongo umegeuza. Apige wimbo huo huo, magitaa yote mawili, wewe usijue lipi ni lipi. Kwako hayapo mahali pamoja, kwa hivyo rekodi: simu ile ile, umbali ule ule, nje, na mtu mwingine akuchezee rekodi bila kukwambia.

Halafu pita kila noti, nyuzi sita, freti 1 hadi 12, noti 72. Inachukua dakika kumi. Sikiliza kwa makini sana uzi wa kwanza kati ya freti ya 5 na ya 12. Hapo ndipo magitaa mengi mazuri ya sura huumbuka: noti inatoka "tak" na kufa. Kwenye uzi wa sita, mahali fulani kati ya F kresi (F#) na G kresi (G#), kila gitaa lina noti inayovimba kwa sababu hewa ya ndani ya sanduku inaitika hapo. Ikivimba kidogo ni kawaida. Ikimeza noti jirani zake, itakusumbua kila siku. Na linganisha kengele ya freti ya 12 (uzi ukiguswa tu pale bila kubonyezwa) na noti iliyobonyezwa pale pale kwa kipima sauti cha simu. Tofauti ikipita senti 5 au 6 (senti ni sehemu ya mia ya nusu sauti) kwa nyuzi mpya, mfupa wa daraja hauko mahali pake.

Kwa taarab, fidla mbili na akodian vitalifunika gitaa laini hata liwe tamu vipi. Unataka noti iliyo na mdomo, inayotoka haraka. Mwerezi hufunguka mapema na una joto, ila ukilazimishwa kwa nguvu unachoka. Sprusi inakwenda mbali zaidi. Kwa hivyo la Mombasa lisitupwe bure. Huenda uani likakushangaza.

---

Malindi_Bandarini:

Kitu kimoja hakijasemwa. Jacaranda ya Brazil, *Dalbergia nigra*, imo Orodha ya Kwanza, ile kali kuliko zote, ya CITES (mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) tokea Juni 1992. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vya aina nyingine za Dalbergia vililegezewa masharti, hata mpingo wetu umo humo. Nigra haikulegezewa. Kulitoa Mombasa kulileta Unguja ni kuvuka mpaka wa nchi, na Kenya na Tanzania zote zimo kwenye mkataba. Muuzaji aoneshe cheti kinachothibitisha mbao ni ya kabla ya kuorodheshwa, na vibali vikamilike kabla ya boti, si baada. Hana karatasi? Basi hiyo mbao nzuri ni deni: forodha inaweza kulizuia, na siku ukitaka kuliuza nje hutoliuza. La Wete ni safari ya ndani ya nchi tu.

---

Mwerezi_Chake:

Mnasema sura, mnasema sauti, hewa hamjaigusa. Gitaa hufurahia unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Sisi Unguja na Pemba tunaishi kwenye 75, 80, na wakati wa masika zaidi ya hapo. Mbao inanyonya maji, uso unavimba kwenda juu, daraja linapanda pamoja nao, nyuzi zinapanda, na sauti inakuwa nzito na butu kwa sababu uso wenye maji ni uso mzito. Kwa maana hiyo yale malalamiko yako mawili, shuka ya Mombasa na nyuzi za juu za Wete, yote yanaweza kuwa unyevu mtupu. Mombasa nako pwani.

Pima unyevu wa mahali gitaa lilipo. Kipimo kidogo cha dijitali kinatosha, lakini kihakiki kwanza: kifuniko cha chupa, chumvi ya mezani, matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito, weka pamoja na kipimo ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kwa muda wa saa nane. Kisome 75. Kikisoma 70, jua kinapunguza 5.

Ukilileta nyumbani, likae ndani ya kasha lake. Mfuko wa kitambaa wenye gramu 200 hadi 300 za silika ya rangi ya machungwa (chembe za kunyonya unyevu) uweke upande wa kichwa, usiguse mbao. Ikigeuka kijani imeshiba: itie kwenye oveni digrii 110 hadi 120, saa mbili, inarudi rangi yake. Lenga 55 hivi, shuka polepole. Usilitoe kwenye 80 ukalitia chumba cha kiyoyozi siku moja, uso utapasuka, na ule ufa wa sm 12 utakuwa wa kwanza. Kiyoyozi cha kuwasha usiku na kuzima mchana ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Usiliegemeze ukuta wa mawe, unyevu unatoka humo humo. Usiliache ndani ya gari bandarini: gundi ya ngozi ya magitaa ya zamani hulegea kwa joto, lakiri nayo hushika alama ya kitambaa.

Na nusa ndani ya tundu. Harufu ya kuvu si ya kuogopesha, hufutwa kwa kitambaa kikavu na upepo. Unga laini na vitundu vya milimita 1 hadi 2 ndivyo vya kukimbia, huyo ni bungua. Hapo hata wakikupa bure usiliingize nyumba yenye vinanda vingine.

---

Mkunazini_6:

Ahsanteni sana. Vipimo vya Wete: freti ya 12 kadi sita chini ya uzi wa sita, tano chini ya wa kwanza. Nafasi ya freti ya 6 karatasi mbili. Mfupa umetokeza 3 mm. Vibandiko vinne nimeviona chini ya ufa, mwanga haupenyi. Unyevu wa chumba 81. La Mombasa muuzaji anasema karatasi "atazitafuta". Ile 664 mm inanitia wasiwasi, vidole vyangu si virefu.

---

RandaNaMsasa:

Shingo nzima, ufa mzima. Uzi wa sita uko 4.6 mm, unautaka 3.8. Pungufu ni 0.8, maana yake mfupa upunguzwe 1.6 na ubaki 1.4. Hicho ni kidogo: uzi hautakuwa na mteremko wa kutosha nyuma ya mfupa, utapiga kelele na sauti itapungua. Lakini usiguse kitu sasa. Kwa asilimia 81 uso umevimba. Likaushe kwa alivyosema Mwerezi wiki tatu hivi mpaka 55, upime tena. Likishuka lenyewe mpaka 4.2, unapunguza 0.8 tu, unabaki na 2.2, mambo safi. Lisiposhuka kabisa, mtafute fundi atoboe daraja matundu 12 badala ya 6, ili uzi ushuke kwa pembe kali zaidi hata mfupa ukiwa mfupi. Hesabu gharama hiyo kwenye bei kabla hujatoa pesa.

Kuhusu 664: kutoka mfupa wa kichwani mpaka freti ya 4 ni 137 mm, kwenye 650 ni 134. Milimita tatu. Ukishika freti nne za mwanzo kwa muda mrefu utaziona, juu ya freti ya 5 hutozihisi. Mkazo wa nyuzi nao unapanda kama asilimia 4, kwa hivyo tia seti nyepesi, EJ43, na mkono utapumua. Uso wa mwerezi wenye ufa nao utashukuru.

Siku ya kukata mfupa, kata chini, si juu. Chora mstari kwa penseli, laza msasa namba 120 juu ya kioo, sugua mfupa ukiwa wima kabisa, malizia namba 240. Ukipinda hata kidogo chini, haukai vizuri kwenye mfereji wake na besi zote zinapotea. Ule wa zamani usiukate. Chonga mpya wa mfupa wa ng'ombe, wa zamani uweke kwenye kasha. Kusi likikauka uso ukashuka na nyuzi zikaanza kugonga freti, utaurudisha.

---

Mwerezi_Chake:

Siku ya kulivusha: legeza nyuzi sauti mbili nzima, jaza nguo laini chini ya kichwa ndani ya kasha ili shingo isicheze, na likae na wewe ndani ya boti. Usikubali liwekwe na mizigo, na juani usiliweke hata kwa robo saa.

---

Kanuni_na_Risha:

Na ile rekodi ya uani usiiruke, Maalim, hata kama moyo umeshahamia Wete. Piga na akodian pembeni yake kabla hujalipa.